Geti la Rimoti Likigoma: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza, Kufunga na Kuboresha Mota ya Geti Dar es Salaam

Saa mbili usiku, mvua ya masika imekolea, na foleni ya Mwenge imeshakula saa nzima. Unafika getini kwako Goba, unabonyeza rimoti. Kimya. Unabonyeza tena, safari hii umetoa mkono wote nje ya dirisha kana kwamba geti lina uziwi. Unapiga honi, mbwa wa jirani wanaitikia, na mwishowe dada wa kazi anatoka na mwavuli kuja kusukuma chuma cha kilo mia tatu ambacho hakisukumiki, kwa sababu mota imekiuma kwa meno na hakuna anayejua ufunguo wake uko wapi.

Wenzetu wa Marekani wakilalamikia mlango wa gereji, wanazungumzia ule wa vipande unaopanda na kulala darini, wenye springi kubwa juu. Dar nyumba za namna hiyo ni za kuhesabu. Gari letu linalala uani, na mlango wenye mota ni geti la nje, mara nyingi la kuslaidi kwenye reli. Mwongozo huu ni wa geti hilo. Kama una mlango wa springi, au shata ya kukunja kama za maduka ya Kariakoo, mambo ya betri, rimoti na bodi (ubao wa sakiti unaoiongoza mota) yanakuhusu vilevile, ila springi usiiguse. Imebana nguvu ya kuinua mlango mzima, na ikiachia inavunja mkono.

Nilicholipia kujifunza ni kwamba mota inasingiziwa mno. Geti langu lilianza kwa kusimama katikati na kurudi lilikotoka. Fundi wa kwanza alifungua kifuniko, akachungulia sekunde kumi, akasema bodi imeungua. Nikanunua bodi. Wiki mbili, yaleyale. Wa pili akasema mota imechoka, angenitafutia nyingine "ya mtu anayehama". Wa tatu hakuwa fundi mota kabisa; alikuwa mzee mchomeleaji niliyemwita kuziba tundu la kutu. Akasukuma geti kwa bega ili apate nafasi ya mashine yake, akasimama, akaniangalia.

"Dada, hebu njoo ulisukume mwenyewe."

Nikasukuma. Halikwenda. Nikajikita vizuri, nikasukuma tena, likasogea shingo upande huku linalia. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekufa beringi. Halikuwa linazunguka tena. Lilikuwa linaburuzwa juu ya reli, na upande wake mmoja umelika ukawa bapa.

"Hii mota haina ugonjwa," akasema. "Umeifanya punda."

Baadaye nilielewa kwa nini geti lilikuwa linarudi. Bodi za kisasa hupima mkondo wa umeme ambao mota inavuta. Mkondo ukipanda ghafla, bodi inadhani imegonga mtu au bampa la gari, inasimamisha na kurudisha. Ile bodi niliyoitupa ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Hatua ya kwanza: achia mota, sukuma kwa mkono

Zima breka ya geti kwanza, na kama mota ina betri chomoa waya wake mmoja, ili mtoto asibonyeze rimoti ukiwa umeingiza vidole. Kisha tafuta tundu la ufunguo kwenye mwili wa mota. Ukifungua, kuna kishikio au kidude cha kuzungusha kinachoachanisha gia ya mota na geti, na geti linabaki huru.

Likishakuwa huru, sukuma kwa mkono mmoja, kutoka mwisho hadi mwisho. Geti lisilo na tatizo linaanza taratibu, na ukiliachia linateleza kidogo lenyewe kabla ya kusimama. Sikiliza. Kukwaruza kusikoisha ni beringi. Kugonga mahali palepale kila mara ni kiungo cha reli kilichoachana au kupanda. Jepesi kwenda, zito kurudi, maana yake reli haiko levo. Na kama ukiliachia linaondoka lenyewe, hapo kuna mteremko, na siku umeme na betri vimekwisha huku mtu ameachia mota, litaondoka na mtu mbele.

Kama huiamini mikono yako, azima mizani ya kuning'iniza, zile za ndoano wanazopimia samaki Feri. Funga kamba kwenye ukingo wa geti, vuta sambamba na reli, soma namba pale linapoanza kutembea. Geti la kilo 300 lenye magurudumu mazima kwenye reli safi huvutwa kwa chini ya kilo 10. Mimi likizidi 20 namwita mchomeleaji kwanza. Fundi wa mota atasubiri.

Sababu za uzito, kwa mji huu, hazitoki nje ya hizi. Mchanga ni wa kwanza. Mitaa yetu mingi ya ndani haina lami, na kila mvua inasukuma mchanga na vikokoto hadi kwenye reli, gari linavishindilia, vinakauka kama zege. Chukua tindo na ufagio wa chelewa, ukwangue hadi uone chuma. Ukimaliza angalia kama maji yana pa kutokea. Reli iliyomwagwa zege pande zote bila tundu la kutolea maji ni bwawa. Ya pili ni magurudumu yenyewe. Ukinunua mapya, chukua yenye beringi mbili zilizozibwa, na mfereji wake ulingane na umbo la reli yako. Gurudumu la mfereji wa pembe tatu juu ya reli ya nondo ya duara litatembea, lakini litakula upande. Ya tatu ni chumvi. Anayekaa Kigamboni, Mbweni, Kunduchi au Msasani anajua kinachotokea kwa kitasa baada ya mwaka mmoja; geti nalo halina kinga ya pekee.

Kubadilisha gurudumu si kazi ya mtu mmoja. Geti la kuslaidi linasimama kwa sababu ya vitu viwili tu, reli chini na roli za kulishikilia juu. Likivuka roli hizo linaanguka, na halichagui upande. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote la umeme, hakikisha reli ina vizuizi vya chuma pande zote mbili, mwisho wa kufungua na mwisho wa kufunga, vilivyochomelewa au kufungwa kwa boliti nene. Nimeona mageti mengi mazuri, yenye maua na simba wa dhahabu, ambayo kizuizi chake ni tofali.

Ukiwa hapo chini, tazama meno: ule upau mrefu wa plastiki ngumu au chuma uliofungwa kwenye geti, ambao gia ya mota inautembeza. Uzito wa geti haupaswi kuikalia gia hata kidogo. Lazima kuwe na uwazi wa milimita 2 hivi kati ya gia na meno, kwa urefu wote. Kipimo cha haraka ni kadi za benki: mbili zikipangwa zinapita, tatu zinabana kidogo. Magurudumu yakilika geti linashuka, uwazi unapotea, na gia inaanza kubeba geti. Hapo ndipo mota huanza kuvuja oili na kupiga kelele. Tena, usipake grisi kwenye meno. Grisi inakamata mchanga, na mchanga kwenye grisi ni msasa.

Hatua ya pili: betri

Geti ni jepesi lakini bado limegoma? Nenda kwenye betri. Mota nyingi zilizofungwa nyumba za Dar zinatumia betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hivi, na nyingine mbili zilizounganishwa kupata volti 24. Watu wengi wanadhani betri ni ya akiba tu, ya siku Tanesco wamekata. Kwa mota nyingi za volti 12 sivyo. Chaja inatoa mkondo mdogo, mota inavuta mkubwa, na tofauti hiyo inatoka kwenye betri kila siku, umeme uwepo usiwepo. Betri ikifa, geti linakufa hata kama nyumba nzima inawaka taa.

Dalili zake ni za kuzeeka taratibu: asubuhi geti linafungua vizuri, jioni linajikongoja, linafungua lakini halina nguvu ya kufunga, linatoa sauti ya kubofya bila kusogea. Pima kwa mita. Zima umeme wa mota, subiri nusu saa, soma. Volti 12.6 na kuendelea, betri ina chaji. Kisha mtu afungue geti wewe ukiangalia namba. Ikiporomoka chini ya 11 wakati mota inavuta, betri hiyo imebaki ganda. Sasa washa umeme, pima tena kwenye vichwa vya betri: chaja nzima itakuonyesha kama 13.5 hadi 13.8. Ikibaki ileile ya mwanzo, chaja haichaji, na betri mpya utakayonunua nayo itakufa.

Joto letu linazila. Kanuni inayotumika kwa betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata umri wake kama nusu, na ndani ya boksi jeusi la plastiki linalopigwa jua la Januari si nyuzi 25 hizo. Miaka miwili hadi mitatu, tosheka. Kuachwa tupu nako kunaziua. Mgawo wa umeme wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulimaliza betri nyingi za mageti kwa sababu zilikuwa zinakaushwa na kuchajiwa nusu, siku baada ya siku.

Ukienda Kariakoo kununua, beba mita yako. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Betri mpya iliyokaa dukani isisome chini ya 12.5. Ikisoma 12.1, imelala kwenye stoo muda mrefu na imeshaanza kuharibika, hata kama bado ina nailoni.

Kama mota yako haina betri kabisa na inatumia umeme wa Tanesco moja kwa moja, kipimo ni kingine. Inanguruma lakini haisogei? Mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza. Fundi yeyote wa pampu za maji anakijua. Usikiguse kwa mkono mtupu hata umeme ukiwa umezimwa, kinatunza chaji. Na kama tatizo ni la jioni tu, wakati mtaa mzima umewasha pasi na majiko, pima volti ya nyumba. Nguvu ya mota hizo hushuka kwa mraba wa volti: 230 ikishuka hadi 180, mota inabaki na kama asilimia 60 ya nguvu zake. Hapo hakuna cha kutengeneza getini.

Hatua ya tatu: rimoti

Jaribu rimoti ya pili. Ikifanya kazi, ya kwanza inataka betri, yenye thamani ya soda. Zote zikigoma lakini kitufe cha ukutani kinafungua, tatizo ni kipokea mawimbi au antena, kale kawaya kadogo ambako mafundi hukakunja ndani ya boksi. Kanyooshe, kaelekee juu.

Kuna kisa kimoja cha pekee: rimoti inayofanya kazi mchana tu. Angalia kama karibu na mota kuna taa ya LED ya bei poa inayowashwa usiku. Baadhi ya taa hizo hutoa kelele ya mawimbi inayofunika rimoti, ambazo nyingi zetu zinatumia megahezi 433. Zima taa, jaribu. Nimeona mtu amebadilisha vipokeo viwili kwa ajili ya taa moja.

Hatua ya nne: ndani ya kifuniko

Zima breka. Si swichi ya ukutani, breka. Fungua kifuniko, chomoa waya wa betri kama ipo, kisha usishike kitu kwanza, tazama tu.

Mara nyingi utakuta mjusi. Mjusi kafiri anapenda joto la bodi, anaingia kwa bomba la waya, anakanyaga sehemu mbili zisizopaswa kukutana, anakufa yeye na bodi pamoja. Sisimizi nao wanapenda rilei, vile viboksi vidogo vinavyobofya. Wakijazana kati ya sahani zake, rilei inaganda, na geti linafunguka lisifunge au linafunga lisisimame. Bodi iliyoingiwa na sisimizi mara nyingi haijaungua. Ipulizwe, ipigwe brashi laini, ikaushwe, ijaribiwe kabla mtu hajakuuzia nyingine.

Kisha angalia fyuzi. Ikiwa imekatika weka ya namba ileile iliyoandikwa kwenye bodi. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ambayo sote tumeona ikiwekwa, inageuza fyuzi ya bei ya karanga kuwa bodi ya bei ya mbuzi. Tazama pia vichwa vya waya: kijani cha kutu maana yake unyevu umeingia, na masika ijayo utarudi hapohapo.

Mwisho ni macho, zile sensa mbili zinazotazamana pande za geti kuzuia lisimfunge mtu. Geti linalofungua lakini likatae kufunga, mara tisa kati ya kumi kwa uzoefu wangu, jicho limefunikwa na utando wa buibui, vumbi, au jani la bougainvillea. Lifute kwa kitambaa. Likiwa limegongwa na bodaboda na kuangalia kando, lirudishe litazame mwenzake.

Kumwita fundi

Sasa kama umefika hapa na bado, mwite. Lakini mwite ukiwa na majibu: geti jepesi au zito, betri inasoma ngapi, rimoti ya pili inafanyaje. Fundi akisikia "betri inashuka hadi 10 ikivuta" anajua anazungumza na nani.

Fundi wa kweli utamjua dakika tano za kwanza. Ataachia mota na kusukuma geti. Akienda moja kwa moja kwenye bodi, muulize kwa upole, "Fundi, hutalisukuma kwanza?" Jibu lake litakueleza mengi. Baada ya hapo:

Piga picha namba ya mota na bodi kabla chochote hakijaondoka kwenda "kwa mtaalamu wetu mjini". Vifaa vikitembea, hubadilika.

Omba bei iandikwe kwa vipande, kifaa kando na ufundi kando, na kifaa kibovu kibaki kwako. Hata kama utakitupa.

Kazi yoyote ya kuvuta waya wa volti 230 hadi getini ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwambie akuonyeshe, si matusi. Kijana aliyesoma umeme VETA Chang'ombe au kwingineko anaweza kuwa mzuri sana kwenye mota, ila uliza kuhusu leseni kabla ya kumruhusu kugusa laini kuu.

Usilipe yote hadi geti lifungue na kufunga mara kumi, na kwa mota ya betri iwe umeme wa nyumba ukiwa umezimwa. Kisha weka ndoo tupu njiani geti likifunga. Linapaswa kusimama na kurudi, si kuipondaponda. Marekani tangu mwaka 1993 mota ya mlango wa gereji inayotengenezwa kwa ajili ya nyumba lazima iwe na kinga ya namna hiyo. Ya kwako nayo huenda inayo, ila fundi aliizima au kuipunguza ili geti zito lipite. Hii ndiyo njia ya mkato ninayoichukia kuliko zote. Malalamiko yanaisha siku hiyohiyo, na ndani ya uwanja anabaki mnyama asiyejua kusimama.

Kufunga mota mpya

Chuma kikishakuwa sawa, chagua mota kwa uzito wa geti na kuongeza nafasi. Geti la bati jembamba la mita 4 linaweza kuwa kilo 250. Lenye bati nene na mapambo ya kuchomelea linapita 500 bila shida. Mchomeleaji aliyelitengeneza anaweza kukadiria kwa kuhesabu mabati na mabomba. Kama geti lina kilo 400, mota ya 500 inabanwa. Chukua ya 800. Angalia pia idadi ya kufungua kwa siku. Nyumba yenye wapangaji sita na magari manne si sawa na ya wazee wawili.

Kati ya mota ya volti 12 au 24 yenye betri na ile ya umeme wa moja kwa moja, kwa Dar nachagua ya betri bila kufikiria. Chapa za Afrika Kusini kama Centurion na za Italia kama BFT, CAME na Nice zinajulikana, na vifaa vyake vina mafundi wanaovifahamu. Za bei nafuu nazo zipo na nyingine zinadumu, lakini kabla ya kulipa uliza swali moja dukani: bodi yake peke yake mnauza? Wakisita, umepata jibu.

Msingi unachimbwa pembeni mwa njia ya geti, upande wa ndani. Sentimita 40 kwa 40 na kina kama hicho inatosha kwa nyumba nyingi, zege la kokoto lenye boliti zilizowekwa kwa levo kabla halijakauka. Nyanyua msingi sentimita 10 hivi juu ya usawa wa ardhi, zaidi kama uko bondeni kwenye mafuriko. Watu wa maeneo ya chini ya Tegeta na Mbezi Beach wamezamisha mota nyingi kwa ajili ya kuziweka sawa na sakafu. Liache zege siku chache lishike. Fundi anayefunga mota jioni ya siku aliyomwaga ana haraka zake, si zako.

Mabomba ya waya yaingie katikati ya msingi, mawili tofauti: moja la umeme mkubwa, jingine la waya ndogo za macho, kitufe na intakomu. Ukivichanganya, bodi itakuwa na mapepo. Waya wa umeme uzikwe nusu mita, ndani ya bomba, utoke kwenye breka yake peke yake yenye kinga ya kuvuja kwa umeme ya miliampea 30, na erthi iungwe kikweli. Kumbuka huyu ni mfanyakazi anayesimama kwenye maji miezi ya mvua.

Mota ikishakaa, meno yanafungwa kipande kwa kipande kuanzia kwenye gia, ukisogeza geti kwa mkono na kupima ule uwazi wa milimita 2 kila kipande. Hapa ndipo kazi nzuri na mbaya zinapoachana. Baada ya meno, sumaku au vyuma vya limiti vinavyoiambia mota wapi isimame; geti lisimame sentimita chache kabla ya kugonga kizuizi. Macho yafungwe kama nusu mita kutoka chini. Ongeza vyuma vya kuzuia geti kunyanyuliwa. Bila hivyo, wanaume wawili wenye mtaimbo wanalinyanyua geti kutoka kwenye gia na kuisukuma mota yako ya gharama kama haipo.

Ukimaliza, ziba kila tundu la bomba ndani ya boksi kwa silikoni. Kila tundu. Mjusi anahitaji upana wa penseli.

Kuboresha bila kununua upya

Kama mota ni nzima, kuna mambo machache yanayostahili pesa. La kwanza ni kinga ya umeme kupanda na radi, kwenye laini kuu na kwenye waya za intakomu pia. La pili ni rimoti za msimbo unaobadilika kila ukibonyeza. Zile za zamani zenye vijiswichi vidogo ndani zinanakiliwa na kijana wa kibanda cha funguo kwa dakika mbili. Kipokeo kipya kinaweza kuungwa kwenye bodi ileile. Na kila mlinzi, dereva au mpangaji anapoondoka, futa rimoti yake kwenye kumbukumbu. Kurudishiwa mkononi hakutoshi, hujui amenakili ngapi.

La tatu ndilo wengi wanalipenda: kufungua kwa simu. Kifaa kidogo chenye laini kinaunganishwa kwenye bodi, unakibipu, kinaona namba yako iko kwenye orodha, kinakata na kufungua. Kubipu hakuli salio. Lakini laini isiyotumika kulipia chochote inaweza kufungwa, hivyo itilie vocha mara kwa mara. Laini hiyo isajiliwe kwa alama zako za vidole, isiwe ya fundi. Nimemjua mama mmoja wa Kimara aliyefungiwa nje ya nyumba yake kwa sababu fundi aligombana na mtandao wake wa simu.

Sola nayo inawezekana. Mota ikiwa imesimama bila kazi inakula wati chache, uniti 3 au 4 za LUKU kwa mwezi, kwa hiyo usitegemee kuokoa pesa. Faida yake ni kwa geti lililo mbali na nyumba, kule Kibada au Madale kwenye viwanja virefu, ambako kuzika waya mita 60 ni ghali kuliko paneli ya wati 40 na chaja yake.

Mambo ya kila mwezi

Fagia reli. Futa macho. Sukuma kwa mkono mara moja, hata kama hakuna tatizo. Mkono wako utakumbuka mwezi uliopita lilikuwaje. Kabla ya masika na kabla ya vuli, fungua kifuniko, tafuta mijusi na sisimizi, pima betri. Wanaoweka vile vidonge vyeupe vya kabatini ndani ya boksi wanasema vinafukuza wadudu. Mimi naweka pia, ila siviachi vigusane na bodi.

Na ule ufunguo wa mota. Usikae kwenye droo ya baba aliye safarini Dodoma. Utundike kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, kisha siku moja mchana, umeme ukiwepo na hakuna haraka, mtoe dada wa kazi na mlinzi nje, wauingize, waachie mota na kusukuma geti hadi mwisho na kurudi. Wakishaweza, mwite bibi naye ajaribu.